Matishari ya Taka: Historia ya Uchafu wa Bandari ya New York

Kati ya wilaya tano zinazounda jiji la New York, moja tu, Bronx, ndiyo iliyoko bara. Manhattan na Staten Island ni visiwa kamili, na Brooklyn na Queens zimekaa kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Long Island. Chombo cha majini ndicho kilicholilisha jiji hili tangu mwanzo, na chombo hichohicho ndicho kilichoondoa masazo yake: majivu ya majiko, mabaki ya vyakula, kinyesi cha farasi, kifusi cha misingi ya nyumba, mizoga. Ndiyo maana historia ya takataka za bahari katika bandari hii haitenganiki na historia ya tishari. Kwa zaidi ya miaka mia moja, sehemu kubwa ya uchafu ulioelea bandarini na kutua kwenye fukwe za majirani haikutupwa na mpita njia wala baharia. Ulikuwa uchafu uliokwisha zolewa, ukalipiwa na kupakiwa, kisha ukamwagika njiani au ukamwagwa mahali ambapo maji yangeurudisha.

Maji ya hapa hayatulii. Mto Hudson unashuka kutoka kaskazini. East River, licha ya jina lake, si mto bali ni mlango wa bahari, na mkondo wake hugeuka kila maji yanapojaa na kupwa. Yote mawili hukutana katika ghuba ya ndani, yakapenya kwenye mlango mwembamba wa Narrows, kati ya Staten Island na Brooklyn, na kutokea katika ghuba ya nje. Kusini mwa ghuba hiyo kuna rasi ya mchanga ya Sandy Hook, iliyo katika jimbo la New Jersey. Kaskazini na mashariki kuna fukwe za Coney Island na Rockaway. Kinachoachwa majini maji yakipwa huelekea nje, na yakijaa sehemu yake hurudi. Upepo wa baharini humalizia kazi iliyobaki, na fukwe za New Jersey na za Long Island ndizo zinazopokea.

Katika karne za kwanza za jiji, taka zilisaidia kutengeneza ardhi. Kifusi na majivu vilijazwa kati ya gati na gati, na kusini mwa Manhattan pwani ikasogea hatua kwa hatua kuingia majini. Kadiri watu walivyoongezeka katika karne ya 19, mianya ya kujaza haikutosha tena, na jiji likageukia matishari bapa ya mbao yaliyovutwa na tagi hadi nje. Mikokoteni ya taka ilipanda kwenye majukwaa yaliyojengwa juu ya maji kandokando ya Hudson na East River, ikamwaga mzigo wake chini, ndani ya tishari.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ambayo vitabu vingi vya historia ya jiji huitaja kwa sentensi moja tu, ilhali inastahili zaidi. Taka zikimwagwa kutoka juu hurundikana upande mmoja, na chombo huinama. Walihitajika watu wa kuingia ndani na kusawazisha shehena kwa majembe, mkokoteni baada ya mkokoteni. Mwanzoni jiji ndilo lililowalipa vibarua hao. Kisha ikabainika kwamba ndani ya shehena mna mali: matambara, mifupa, chupa, vyuma chakavu, karatasi, mafuta ya wanyama. Kufikia miaka ya 1880 malipo yalikuwa yamegeuka njia. Wakandarasi, wengi wao Waitaliano, walililipa jiji ili wapewe haki ya kuokota, nao wakaleta wahamiaji wenzao kutoka Italia kufanya kazi ya kusawazisha kwa ujira mdogo mno. Baadhi ya waokotaji waliishi chini ya majukwaa hayohayo, kati ya nguzo za gati na marobota ya matambara. Mpiga picha Jacob Riis aliwapiga picha huko Rivington Street na West 47th Street mwanzoni mwa miaka ya 1890, na picha hizo zipo hadi leo. Kila kilichoingia katika marobota yao hakikuelea baharini. Hao ndio waliokuwa kizuizi cha kwanza cha taka za bahari katika bandari ya New York, miaka mingi kabla ya sheria yoyote kuheshimiwa.

Safari ya tishari ilikuwa na kasoro iliyojificha katika muundo wake. Tishari bapa halina njia ya kujimwaga: watu walilazimika kusimama juu ya shehena katikati ya mawimbi na kuitupa kwa majembe, kazi ya saa nyingi ambayo majira ya baridi huigeuza kuwa hatari ya kufa. Nahodha wa tagi naye alilipwa kwa safari, na kadiri alivyorudi mapema ndivyo alivyopata safari nyingine. Jiji lilitaka taka zimwagwe nje ya bandari. Usiku, au penye ukungu, nyingi zilimwagwa kabla hata ya kufika Narrows. Vyombo vinavyofunguka chini na kudondosha shehena yote kwa mara moja vilipokuja kuenea, mwishoni mwa karne, vilipunguza mateso ya vibarua, lakini vilirahisisha pia udanganyifu, kwa kuwa kazi ya saa nyingi sasa ilimalizika kwa dakika chache bila shahidi.

Waliolalamika kwa sauti kubwa kuliko wote hawakuwa waogeleaji bali marubani wa meli na wafanyabiashara. Majivu na kifusi vilikuwa vikijaza njia za meli, na bandari iliyopokea sehemu kubwa ya biashara ya nje ya Marekani ilikuwa hatarini kupungua kina. Kwa sababu hiyo, tarehe 29 Juni 1888 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia utupaji wa vitu vinavyoziba au kudhuru bandari ya New York na maji yanayoizunguka. Iliundwa nafasi ya Msimamizi wa Bandari, ikakabidhiwa ofisa wa jeshi la majini. Kila tishari lilipaswa kuwa na kibali chake kinachotaja mahali pa kumwaga. Boti za doria zilifuatilia, na wakaguzi wakapandishwa vyomboni. Sheria hii ililinda kina cha maji. Haikukusudiwa kulinda fukwe, na tofauti hiyo ndogo iliwagharimu majirani miaka zaidi ya arobaini, maana kibali kilimtuma nahodha mahali ambapo meli hazingekwama, pasipo kuuliza upepo ungezipeleka wapi taka zinazoelea.

Mabadiliko makubwa ya nchi kavu yalikuja mwaka 1895, George E. Waring alipokabidhiwa idara ya usafi wa mitaa. Alikuwa mhandisi wa mifereji na kanali wa zamani wa Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe. Aliwavisha wafagiaji sare nyeupe, akawapanga kama kikosi, na mwaka 1896 akazitaka kaya zitenge taka katika mafungu matatu: majivu, mabaki ya vyakula, na takataka kavu. Majivu yalikwenda kujaza ardhi, hasa kisiwa cha Rikers, ambacho kwa miongo iliyofuata kilipanuka mara kadhaa kutokana na kazi ya wafungwa. Takataka kavu zilichambuliwa na kuuzwa. Mabaki ya vyakula yalipakiwa kwenye matishari hadi Barren Island, katika ghuba ya Jamaica, yakachemshwa kwenye mitambo iliyokamua mafuta ya kutengenezea sabuni na kuacha mbolea. Huko ndiko ilikopelekwa pia mizoga ya farasi, na si michache: mwaka 1880 peke yake farasi wapatao 15,000 waliokufa waliondolewa katika mitaa ya jiji.

Waring alifariki mwaka 1898 kwa homa ya manjano aliyoipata Havana, alikotumwa kuchunguza hali ya usafi. Mpango wake ulidumu kwa namna dhaifu miaka ishirini. Kisha farasi wakaadimika, soko la mafuta na mbolea likashuka, na wakazi wa pwani wakachoshwa na harufu ya mitambo. Mwaka 1918 jiji likarudi baharini. Lilichagua njia iliyokuwa nafuu katika hesabu zake, na gharama iliyosalia ikaangukia fukwe za wengine.

Matokeo yalionekana kila kiangazi. Baada ya upepo wa mashariki, fukwe za kaskazini mwa New Jersey ziliamka zimefunikwa na maganda ya matunda, mbao, chupa, magodoro na wanyama waliokufa, wakati uleule ambapo miji hiyo ilikuwa ikijenga hoteli na kuishi kwa wageni wa kuogelea. Mwaka 1929 jimbo la New Jersey lililishtaki jiji la New York moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Jiji lilijitetea kwa hoja mbili zilizoonekana ngumu: kwamba lilimwaga taka nje ya mipaka ya maji ya nchi, na kwamba lilikuwa na kibali cha Msimamizi wa Bandari. Mwaka 1931 mahakama ilizikataa zote mbili. Mahali tendo lilipofanyika hapakuwa na uzito, ikasema, iwapo madhara yameangukia mali iliyo ndani ya mamlaka ya mahakama. Na kibali cha chini ya sheria ya 1888 hakimpi mtu kinga dhidi ya kuwajibika kwa uharibifu. Jiji lilipewa muda wa kujenga matanuri ya kuchomea taka, likachelewa, likatishiwa faini ya dola 5,000 kwa siku, na hatimaye mwezi Julai 1934 umwagaji wa takataka za jiji baharini ukakoma. Hukumu hii haitajwi mara nyingi nje ya madarasa ya sheria, lakini ndiyo iliyolifanya jiji kubwa la pwani liwajibike kwa taka zake zilikofika, na si zilikomwagwa tu.

Amri ilikuwa na pengo kubwa. Haikugusa tope la majitaka, ambalo tangu 1924 lilikuwa likipelekwa na meli maalumu hadi sehemu iliyo maili 12 kutoka pwani. Haikugusa pia matope ya kuchimbua njia za meli, wala kifusi cha ujenzi, wala tindikali za viwandani, ambavyo kila kimoja kilikuwa na eneo lake baharini, nje kidogo ya lango la bandari.

Kulikuwa na aina nyingine ya taka ambayo haikupakiwa na mtu yeyote: mbao. Bandari ilizungukwa na mamia ya gati za miti, na chini yake misitu ya nguzo. Nguzo moja iliyong'oka, ikielea nusu imezama, inaweza kuvunja rafadha ya feri au kutoboa boti ndogo. Tangu 1915 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kilipewa idhini ya kukusanya vitu vinavyoelea bandarini, na kazi hiyo haijasimama hadi leo. Chombo chao kilichojulikana zaidi, Driftmaster, kilianza kazi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kilijengwa kwa miili miwili iliyounganishwa, na kati yake ukaning'inizwa wavu mzito. Kilitembea polepole kuingia katika mstari wa taka, kikazimeza, kisha winchi ikauinua wavu na kumwaga taka kwenye tishari. Vyombo vyenye kreni vilishughulikia magogo makubwa. Mzigo ulipelekwa Caven Point, upande wa New Jersey. Kwa miaka mingi mbao hizo zilivutwa hadi bahari kuu zikachomwa juu ya matishari, desturi iliyoisha mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mbao ziliongezeka kwa sababu ambayo haikuhusiana na usafi hata kidogo. Mwaka 1956 meli ya Ideal X iliondoka Newark ikiwa na makontena 58, na katika miaka michache biashara ya shehena ikahamia upande wa Newark na Elizabeth, kwenye ardhi tambarare yenye nafasi ya kuyapanga. Gati za Manhattan na Brooklyn zikaachwa zioze. Feri, matishari na boti zisizotakiwa zilitelekezwa kwenye vijito vya Staten Island. Kila dhoruba ilibomoa kipande. Kuanzia 1974 Bunge liliruhusu magofu hayo yenyewe yabomolewe kabla hayajageuka taka zinazoelea, na hatua hiyo ilikuwa ya busara kuliko zote zilizotangulia, kwani ilifuata chanzo.

Lakini sheria ya maji safi ya mwaka 1972 ilileta pigo ambalo hakuna aliyelitarajia. Zamani maji ya bandari yalikuwa machafu mno, yamepungukiwa hewa, kiasi kwamba mdudu abunguaye mbao za vyombo hakuweza kuishi humo. Huyu ni mdudu yuleyule ambaye mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar humzuia kwa kupaka deheni chini ya chombo. Maji yalipoanza kusafika alirudi, akazila nguzo zilizosimama salama kwa vizazi. Jiji lilitumia fedha nyingi kuzifunika nguzo kwa saruji na plastiki, na zile zisizofunikwa zikaingia katika wavu wa Wahandisi.

Wakati huo taka za nyumbani zilikuwa zimepata makao mapya. Mwaka 1948 jiji lilifungua dampo la Fresh Kills, kwenye mabwawa ya maji ya chumvi ya Staten Island, kwa ahadi kwamba lingedumu miaka michache tu. Lilidumu zaidi ya hamsini, likafikia ekari 2,200. Malori yalipeleka taka kwenye vituo vya kuhamishia vilivyo ukingoni mwa maji, yakazimwaga kwenye matishari yaliyo wazi, na tagi zikayavuta usiku na mchana. Katikati ya miaka ya 1980, dampo lilipofikia kilele chake, lilipokea hadi tani 29,000 kwa siku.

Taka zisizofunikwa, upepo na maji: matokeo hayakuhitaji mtabiri. Karatasi na mifuko viliruka wakati wa kupakia, safarini, na zaidi wakati wa kupakua. Ng'ambo ya mlango wa Arthur Kill, mji wa Woodbridge wa New Jersey uliokuwa ukipokea uchafu huo uliishtaki New York mwaka 1979. Kesi ilivuta miaka, lakini ilizaa mambo ya vitendo: nyavu za kufunika matishari, maboya ya kuzuia taka kwenye sehemu za kupakulia, boti za kufagia maji, na njia mpya za kupakua.

Mwaka 1987 suala hili lilitoka mahakamani likaingia katika kila nyumba yenye televisheni. Mwezi Machi tishari Mobro 4000, likivutwa na tagi Break of Dawn, liliondoka na zaidi ya tani 3,000 za taka za New York na za mji wa Islip, ulio Long Island, dampo la Islip likiwa limejaa. North Carolina ililikataa; Louisiana ikalikataa; Mexico na Belize hazikuliruhusu kukaribia. Lilirudi baada ya safari ya maelfu ya maili, na shehena ikachomwa Brooklyn, majivu yake yakazikwa Islip, pale zilipotoka baadhi ya taka hizo. Mwezi Agosti mwaka huohuo msururu wa taka wenye urefu wa maili 50 ulionekana kwenye pwani ya New Jersey, na kiangazi cha 1988 mabomba ya sindano yakakutwa kwenye fukwe za majimbo yote mawili. Fukwe zilifungwa, biashara zikaanguka. Uchunguzi ulionyesha kwamba vifaa vya hospitali vilikuwa sehemu ndogo tu ya uchafu wote. Vyanzo vikuu vilikuwa vilevile vya siku zote: vituo vya kuhamishia, matishari, Fresh Kills, na mifereji.

Mifereji ndiyo iliyokuwa ugunduzi wa kweli wa kipindi hicho. Sehemu kubwa ya New York hutumia mabomba yaleyale kwa majitaka na maji ya mvua; ikinyesha kwa nguvu, mitambo huzidiwa na ziada humwagwa moja kwa moja mitoni, pamoja na kila pakiti na kizibo kilichokuwa mtaani. Baada ya 1988 jiji lililazimika kuhesabu na kukagua chemba zake zote za maji ya mvua, zinazokaribia 150,000, na kuzifunga vifuniko vya ndani vinavyozuia vitu vinavyoelea visipenye.

Majibu ya serikali yalikuja kwa pamoja. Sheria ya 1988 ilivitaka vyombo vinavyobeba taka vipakie na kupakua bila kumwaga. Nyingine ya mwaka huohuo ilipiga marufuku kutupa tope la majitaka baharini. Tope hilo lilikuwa limekwisha hamishwa kutoka maili 12 hadi maili 106, na mzigo wa mwisho wa New York ulimwagwa mwezi Juni 1992. Tangu 1989, mashirika ya serikali kuu, majimbo mawili na jiji yanafanya kazi kwa mpango mmoja. Bandari huchunguzwa kutoka angani wakati wa kiangazi. Mstari wa taka ukionekana, vyombo vya Wahandisi hujulishwa, navyo huukusanya kabla haujavuka Narrows. Macho huwa makali zaidi baada ya mvua kubwa na wakati wa bamvua, maana hapo maji hupanda juu kuliko kawaida na kuzibeba taka zilizokauka ukingoni.

Tishari la mwisho la kawaida lilifika Fresh Kills tarehe 22 Machi 2001. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 dampo lilifunguliwa upya: vifusi vya majengo ya World Trade Center vililetwa kwa matishari, vikachambuliwa kwa mikono kwa miezi kumi kutafuta mabaki ya waliokufa. Kwa miaka iliyofuata taka za jiji zilisafiri zaidi kwa malori, na moshi wa malori hayo ukaziangukia hasa wilaya za wakazi maskini. Mpango wa mwaka 2006 ukazirudisha majini kwa utaratibu mpya. Vituo vinne vilijengwa upya, cha mwisho, kile cha East 91st Street, kikaanza kazi mwaka 2019. Humo taka hushindiliwa ndani ya makontena, yakafungwa kabla ya kutoka jengoni, kisha hupakiwa kwenye matishari hadi kwenye reli iendayo madampo na mitambo ya kuchomea nje ya jiji. Hakuna kinachoelea njiani. Wakazi wa mashambani wa majimbo yanayopokea makontena hayo wana malalamiko yao, na ni ya haki, lakini si ya bahari tena.

Kilichobaki ni taka za zamani na za mtaani. Kwenye ufuko wa Dead Horse Bay, karibu na ilipokuwa Barren Island, dampo la miaka ya 1950 linamomonyoka, na kila maji yanapopwa huonekana chupa na viatu; mwaka 2020 ufuko huo ulifungwa baada ya vitu vyenye mnururisho kupatikana humo. Mifuko ya plastiki madukani imezuiwa na jimbo tangu Machi 2020, ingawa mvua bado huleta vifuniko, vikombe na vichungi vya sigara kupitia mifereji. Vyombo vya Wahandisi huondoka Caven Point kuvikusanya, pamoja na nguzo za gati ambazo mdudu amezimaliza.